Taa Inawaka, Ujumbe Haupiti

Nimelea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja, na majirani zangu wa Likoni watakuambia kwamba sauti yangu haivuki ua. Lakini mwezi wa Mei, mwaka wa tisini na tisa, nilisimama kwenye mlango wa zahanati ya akina mama nikamwita mtu mzima mwongo, na wajawazito wamekaa mabenchini wananitazama. Mtu huyo alikuwa Bwana Musyoka, meneja wa shirika lenye zahanati ile. Sikumwomba radhi siku ile na sijamwomba mpaka leo.

Alikuwa amemfukuza kazi mjukuu wangu Mwanamkasi. Hilo peke yake ningelimeza. Kazi ni riziki, huja ikaenda. Lakini alisema mbele za watu kwamba Mwanamkasi aliuzima mtandao kwa makusudi, na kwamba ndiyo sababu mtoto wa mpangaji wangu Rispa alikufa.

Nieleze kwanza huo mtandao, kama nilivyoelezwa mimi. Shirika lilikuwa na zahanati mbili, yetu ya Likoni na nyingine Kiembeni, na ofisi kuu Changamwe, ambako gari la wagonjwa lilikuwa likilala. Simu ya waya ya Likoni ilikuwa inakufa kila mvua ikinyesha. Basi mwezi wa Oktoba, mwaka uliotangulia, wakaleta kompyuta, na juu ya paa wakasimamisha mlingoti wenye kitu kama chujio kubwa, kimeelekezwa Changamwe ng'ambo ya maji. Ujumbe ukiandikwa Likoni ulipita hewani bila waya ukasomwa Changamwe hapo hapo. Gari likatoka, likapewa njia kwenye feri, likafika.

Na kwa kuwa jumbe zile zilikuwa na majina ya wagonjwa na maradhi yao, zilifungwa. Mtu mwenye mashine kama ile akizinasa njiani haoni ila herufi zilizochanganyika. Kuzifungua kunataka ufunguo, nao ni neno refu la herufi na tarakimu, ambalo kompyuta ya huku na ya kule lazima ziwe nalo sawasawa. Bwana Musyoka akaongeza la kwake, kwamba ufunguo ubadilishwe kila siku.

"Baada ya fujo za tisini na saba," alisema siku ya ufunguzi, mwanzoni mwa Novemba, "hapa Likoni hatuwezi kuamini kila sikio."

Nilikuwepo. Tulimpigia makofi.

Kompyuta ya Changamwe na ya Kiembeni zilibadilisha ufunguo zenyewe. Ya kwetu haikuweza, kwa sababu ilifika na betri ya saa iliyokufa. Umeme ukikatika kidogo tu, saa yake inarudi mwaka wa themanini. Kwa hiyo ya kwetu ikawa kazi ya mkono, na mkono ulikuwa wa Mwanamkasi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amemaliza kidato cha nne na amesomea taipureta. Kila alipoingia zamu mchana alisahihisha saa ya kompyuta kwa mlio wa redio kabla ya habari za saa saba, na alikaa hadi saa mbili usiku, akamwachia Sista Jael, muuguzi wa usiku. Bwana Musyoka alimpa karatasi yenye ufunguo wa kila tarehe, na chini yake ameandika kwa mkono wake: *Ufunguo ubadilishwe siku mpya inapoanza.*

Mwanamkasi alifuata agizo hilo. Hakukosa hata siku moja.

Shida ilianza Novemba. Mchana mtandao mzima kabisa, jioni hakuna kitu. Taa ya kijani inawaka kama kawaida kwenye kisanduku kinachounga kompyuta na mlingoti, ujumbe unatumwa, na Changamwe hawapati neno. Mwanamkasi akaandika kwenye daftari la matatizo: *Jioni ujumbe haupiti. Taa inawaka.* Kesho yake akaandika tena. Hadi Mei alikuwa ameandika mara kumi na tisa, na mara nne ameomba betri ya saa. Daftari lile lilipelekwa Changamwe kila mwisho wa mwezi, likarudi limepigwa muhuri.

Mafundi walikuja mara mbili. Walivuka asubuhi, wakakuta mtandao unafanya kazi, wakanywa soda, wakarudi na feri ya saa nane kabla ya msongamano. Jioni hawakukaa hata mmoja. Mwanamkasi alipopiga simu, siku ambayo simu ilikuwa hai, Bwana Musyoka alimwambia, "Mawimbi huchoka jioni. Meli za bandarini zina redio kubwa. Subiri, utapita." Na kweli ulipita. Sista Jael aliona kila usiku saa sita ikigonga zile jumbe zilizokwama zinatoka zote pamoja.

"Mashine yenu ina jini," alimtania Mwanamkasi. "Likishiba usingizi linafanya kazi."

Walicheka. Hapo ilikuwa bado ya kuchekwa.

Rispa na mumewe Kefa walikuwa wapangaji wangu, chumba cha nyuma. Kefa alifanya kazi ya kupakia malori Changamwe, kwenye matangi ya mafuta. Ni watu wa bara. Zile siku za fujo, Agosti ya tisini na saba, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa na kuuawa hapa Likoni, wao walilala usiku kumi na moja chini ya kitanda changu, na mtu alipobisha kuwauliza nilimwambia aingie anitafute mimi kwanza. Baada ya hapo Kefa aliniita mama, na si kwa mdomo tu. Paa langu lilipovuja alipanda mwenyewe, hakungoja niseme. Rispa aliposhika mimba, miaka saba baada ya ndoa, nilikuwa wa pili kuambiwa.

Jumatatu moja mwezi wa Mei, baada ya magharibi, Rispa akaanza kutoka damu. Tulimkimbiza zahanati. Sista Jael alimtazama mara moja akamwambia Mwanamkasi, "Ita gari. Sasa hivi."

Mwanamkasi akaandika ujumbe. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Taa ya kijani inawaka. Akaandika wa pili. Akaandika wa tatu. Simu ya waya ilikuwa kimya tangu asubuhi, kulikuwa na mvua. Nilimwona akikipigapiga kile kisanduku kwa kiganja na machozi yanamtoka, "Si unawaka wewe! Si unawaka!"

Sista Jael hakungoja. Alitoka barabarani akamsimamisha Tsofa, muuza maji, na mkokoteni wake. Tsofa hakuuliza nani atamlipa maji. Aliyamwaga madebe yote pale pale, akavua shati akalitandika. Tukamsukuma Rispa hadi kivukoni. Kwenye mteremko wa feri gurudumu liliteleza, na Mwanamkasi akaingia majini hadi kiunoni akalizuia kwa bega. Vijana wa kivukoni waliondoa mnyororo wakazuia malori, mkokoteni wa maji ukapanda kwanza. Nayakumbuka yote hayo. Nayaandika kwa sababu siku hiyo waliofanya wema walikuwa wengi.

Rispa alipona. Mtoto, wa kike, hakupona.

Na saa sita usiku na dakika moja zile jumbe tatu zilifika Changamwe, zote kwa pamoja. Dereva wa gari akaamka akaja mbio. Hakukuwa na wa kumchukua.

Siku ya tatu Bwana Musyoka alikwenda hospitali na matunda kwenye mfuko. Nasikia alikaa vizuri, akampa Kefa pole. Kisha akamwambia kwamba ofisi imechunguza, kwamba taa ilikuwa ikiwaka na mashine ni nzima, na kwa hiyo aliyekuwa mezani ndiye aliyezima. "Huyo binti wa hapo huwa anazima jioni aende zake. Na nyinyi wa bara mnajua Likoni jinsi ilivyo."

Maneno hayo kwa baba aliyezika jana!

Kefa aliporudi nyumbani hakunijibu salamu. Alipita uani kama ninavyopita mimi mbele ya duka lililofungwa. Nikamfuata hadi mlangoni.

"Kefa, mwanangu."

"Mama, nimekuheshimu," akasema bila kugeuka. "Nakuomba usiniite leo."

"Nani kakuambia nini?"

"Mjukuu wako alizima. Mwezi ukiisha tunahama."

Ndipo nikavaa buibui langu nikaenda zahanati. Bwana Musyoka alikuwepo, amekuja kukusanya funguo za ofisi. Alinisalimu vizuri, lazima niseme.

"Mama, pole sana. Ni mambo ya kitaalamu, huwezi kuyaelewa."

"Nieleweshe. Daftari la matatizo umelisoma?"

"Lina muhuri wa ofisi."

"Sikuuliza muhuri. Umelisoma?"

"Mama, kuna taratibu..."

"Kuna mara kumi na tisa mle ndani! Mtu anayezima taa huandika mara kumi na tisa kwamba kuna giza? Wewe ni mwongo. Umemchukua mjukuu wangu ukamfanya kitambaa cha kufutia meza yako, na umekwenda kumdanganya mtu na msiba wake."

Mwanamke mmoja benchini akasema, "Wallahi." Bwana Musyoka akasema kwamba Ijumaa kutakuwa na kikao, kisha jambo hili litakwenda polisi, na kwamba mimi kwa umri wangu nijihadhari. Nilirudi nyumbani. Mwanamkasi alikuwa amelala kitandani ameelekea ukutani, kama alivyokuwa tangu Jumatatu. Hakuwa amekula. Nilichemsha uji nikamlisha kwa kijiko kama alipokuwa na miaka mitatu, na kila kijiko nilichokitia nilikuwa ninamlaani mtu moyoni, Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi mtu akapiga hodi. Alikuwa mrefu, ana mvi chache, na mkoba begani. Alivua viatu kabla sijamkaribisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naitwa Phineas. Ni fundi, nimeajiriwa na shirika wiki mbili sasa. Ofisi imenituma nichukue karatasi ya funguo kwa Mwanamkasi."

"Umetumwa na yule?"

"Na yule."

"Basi ungebaki na viatu vyako."

Akainama, nikaona anazuia kicheko. "Mama, nimetumwa karatasi, lakini nimekuja na maswali. Usiku wa jana na juzi nililala zahanati kwa ruhusa ya Sista Jael. Nilitaka kuiona mashine jioni. Nimeiona. Huyu binti hasemi uongo."

Nikamwambia akae. Nilimwita Mwanamkasi, akatoka na kanga ya kulalia. Nikaleta mihogo na chai, nikakaa nao mkekani, kwa sababu sikuwa na nia ya kuondoka.

Phineas akatoa karatasi nyingi zilizochapwa. Akatueleza taratibu, hakuniruka hata mara moja. Alisema programu inayoendesha kompyuta ile inaitwa Linux, na haikununuliwa. Imeandikwa na watu wa nchi nyingi wakaiacha wazi, kila anayetaka aifungue aone ilivyoshonwa ndani.

"Kama dawa ya mti ambayo aliyekupa amekutajia majani yote," nikasema.

"Hivyo hivyo, mama. Bwana Musyoka anaidharau kwa kuwa ni ya bure. Lakini ingekuwa imefungwa nisingeona kitu. Hii inaandika kila jambo lililoipata, na saa yake."

"Na imeandika nini?"

"Kwanza, taa ya kijani. Taa ile inasema tu kwamba visanduku viwili vinasikiana. Haisemi kama vinaelewana. Ujumbe ukifungwa kwa ufunguo usio wake, Changamwe wanaupokea, wanashindwa kuufungua, wanautupa. Hawalalamiki, wala taa haizimiki, na ya huku isipojibiwa inaurudia ujumbe ule ule mpaka ufunguliwe."

Mwanamkasi akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo zilikuwa zinafika?"

"Zilikuwa zinafika na kutupwa. Kompyuta inazihesabu zilizoshindikana kufunguliwa, na mtu hakuwahi kuitazama hesabu hiyo. Kila jioni, tangu Novemba, hadi saa sita ya usiku kamili. Kumalizika kwake ni saa sita, haikosei. Kinachonishinda ni kuanza." Akazipanga karatasi juu ya mkeka. "Tazameni. Novemba inaanza saa kumi na mbili na dakika nane. Desemba, dakika kumi na tano. Februari, dakika thelathini na tisa. Nikadhani itaendelea kwenda mbele. Lakini Machi imerudi nyuma, Aprili ikarudi zaidi, na juzi ni dakika kumi na sita. Nimebadilisha nyaya. Nimepanda mlingotini. Nimeuliza meli. Hakuna chombo kinachoharibika namna hii, kinakwenda mbele kisha kinarudi."

Nilizitazama zile tarakimu. Mimi nimesoma hadi darasa la tatu, na Kurani, lakini tarakimu za saa nazijua, kwa sababu huzitazama kila siku. Nikainuka nikaiteremsha kalenda ya msikiti ukutani, ile yenye nyakati za swala kwa kila tarehe, nikaiweka juu ya karatasi zake.

"Soma hapa. Februari."

Akasoma. Akaweka kidole chake kwenye kalenda na kingine kwenye karatasi, akateremka navyo pamoja, tarehe kwa tarehe. Tofauti ilikuwa dakika moja, mbili.

"Hii ni nini, mama?"

"Magharibi. Jua linapotua."

Akanitazama, akamtazama Mwanamkasi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona. Nikauliza polepole.

"Mwanamkasi, ukisikia adhana ya magharibi, unafanya nini kwanza?"

"Nabadilisha ufunguo, bibi. Halafu natia udhu."

"Ufunguo wa siku gani?"

"Wa siku inayoingia."

Phineas akaacha kikombe. "Siku inaingia saa sita ya usiku, dada."

"Siku gani hiyo?" Mwanamkasi akamuuliza, na aliuliza kweli, hakuwa akimbishia. "Jua likitua siku imekwisha. Jumatatu jua likitua, tumeingia Jumanne. Agizo linasema siku mpya inapoanza."

Huku Likoni Mwanamkasi alikuwa akitia ufunguo wa kesho, na Changamwe mashine inangoja na ufunguo wa leo. Saa sita ya usiku Changamwe nayo inaingia kesho, na milango inafunguka. Kila siku, miezi saba.

"Basi ni mimi," Mwanamkasi akasema. "Bibi, ni mimi niliyemuua."

Nimezika mume na watoto wawili, lakini sauti ile sijapata kuisikia tena. Nikamshika. Maana kama ni yeye, ni mimi. Nani aliyemfundisha? Alhamisi jioni nilikuwa namwita aache mchezo, "Njoo tusome Yasini, imeshaingia Ijumaa." Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tunaanza kuuhesabu usiku kabla ya mchana wake. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake. Sikufundisha kosa. Lakini lilimfikia Rispa likiwa kosa, na nilikasirika hata na jua.

Phineas alingoja hadi Mwanamkasi akapunguza kulia. Kisha akasema jambo ambalo namwombea nalo dua. "Dada, sikiliza. Mimi nimetengeneza mashine miaka kumi na tano. Ulipewa agizo ambalo halikutaja saa, ukalitii. Uliona haliendi, ukaandika mara kumi na tisa. Ungepewa betri uliyoiomba, mashine ingejibadilisha yenyewe na kosa hili lisingekuwepo. Anayeandika mara kumi na tisa amefanya kazi yake. Asiyesoma hakuifanya."

Ijumaa tulikwenda Changamwe watatu. Kikao kilikuwa na daktari mkuu wa shirika, mwanamke wa makamo, na wengine wawili, na Bwana Musyoka. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango. Phineas akaweka karatasi zake na kalenda yangu ya msikiti. Akaeleza kama alivyotueleza. Daktari akaomba daftari la matatizo, akalifungua, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, na muhuri mwekundu chini ya kila mmoja.

"Bwana Musyoka, huu ni muhuri wako?"

"Ni wa ofisi, daktari. Lakini tusipoteze lengo. Imethibitika kwamba kosa ni la mtumishi. Napendekeza apewe onyo, arudi kazini, na mambo yaishe. Siku inaanza saa sita usiku duniani kote, kila mtu anajua."

"Duniani kote!" Hilo nilikuwa nimelisema mimi, kutoka mlangoni. "Umejenga zahanati Likoni, umeajiri mtoto wa Likoni, na hukumuuliza siku yake inaanza lini. Nusu ya wazazi wanaojifungua mle ndani wangekujibu kama yeye."

Daktari hakunikemea. Alimgeukia Mwanamkasi. "Tunataka urudi. Unasemaje?"

Mwanamkasi akasimama. Mikono yake ilikuwa nyuma, nikaiona inavyoshikana. "Mkono uliobadilisha ufunguo ni wangu, na Rispa nitamwambia mwenyewe. Lakini Bwana Musyoka alimwambia Kefa nilizima makusudi. Sirudi mpaka avuke feri aje amwambie Kefa kwamba si kweli. Na aje jioni. Jioni hajapata kuja."

Alikuja Jumanne. Alikuwa amekwama kwenye foleni ya kivuko na shati limemganda mgongoni, na adhana ya magharibi ilikuwa ikiisha alipoingia uani kwangu, Phineas nyuma yake. Kefa alikaa kwenye kigoda, Rispa kwenye kizingiti cha chumba chao, amejifunika shuka. Mwanamkasi alisimama karibu na tangi la maji.

Bwana Musyoka akakohoa. "Kama mnavyofahamu, kulitokea hitilafu ya kimawasiliano iliyosababishwa na tofauti za kiutaratibu..."

"Hapana," akasema Rispa. Ndilo neno la kwanza nililomsikia akisema tangu azike. "Sema kama ulivyosema hospitali. Kule ulisema maneno mafupi."

Nikamwona Bwana Musyoka akitafuta mahali pa kuweka macho. "Hakuzima," akasema mwishowe. "Mashine ilikuwa na ufunguo usiolingana. Aliandika kwamba kuna shida. Sikusoma."

"Ukaniambia alizima," Kefa akasema.

"Nilikuambia alizima."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilitaka iwe hivyo."

Kefa akamgeukia Phineas. "Hiyo betri aliyoiomba. Ni kubwa kiasi gani?"

Phineas akaingiza mkono mfukoni akamwekea kiganjani. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti. Kefa alikigeuza kile kitu juu, akakigeuza chini. Mkono wake umezoea mapipa. Kilipotea kati ya vidole.

"Hii?"

"Hiyo."

"Aliiomba mara ngapi?"

"Nne," akasema Phineas.

Kefa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimtazama Bwana Musyoka muda mrefu, kisha akauachia mtazamo ule kama mtu anayeweka chini mzigo usiostahili kubebwa.

Mwanamkasi akasogea mbele ya Rispa, akapiga magoti. "Dada Rispa, ufunguo niliubadilisha mimi. Mapema. Sikujua wenzangu wanangoja saa sita usiku."

"Nimeambiwa," Rispa akajibu. Akautoa mkono kwenye shuka akauweka juu ya bega la Mwanamkasi, lile bega lililozuia mkokoteni, bado lilikuwa na alama. Hakusema amemsamehe. Sikutarajia aseme, na mtu asimdai neno hilo. Mkono tu aliuacha pale.

Kefa akainuka akampa Mwanamkasi ile betri. "Nenda kaitie," akasema. "Leo. Phineas atakusindikiza."

Wakaondoka, na Sista Jael aliniambia baadaye kwamba saa moja na nusu jioni ile ujumbe wa kwanza ulipita, na Changamwe wakajibu.

Mimi nilikuwa nimepika chai ya maziwa na iliki tangu alasiri, birika zima. Nikammiminia Kefa, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mama." Nikampelekea Rispa chake pale kizingitini. Vikombe vya Phineas na Mwanamkasi nikavifunika na visahani visipoe.

Bwana Musyoka alikuwa bado amesimama katikati ya ua, na mvuke wa chai anauona. Katika nyumba hii, tangu enzi za mama mkwe wangu, hajatoka mgeni na koo kavu. Hata waliokuja kututoza kodi walikunywa. Nilikiona kikombe cha tano kwenye sinia. Nikakigeuza, mdomo chini.

"Feri itajaa," nikamwambia. "Wahi."